Bango la treni halikuonyesha mgonjwa

Mabango ya zamani ya kampuni za reli za Ufaransa yanapendwa sana siku hizi. Nakala zake zinauzwa mtandaoni, zinatundikwa sebuleni, migahawani na hata katika vyumba vya watoto. Sababu si ngumu kuiona. Rangi zake zinavutia: anga la buluu, mlima wenye theluji, kanisa juu ya kilima, mwanamke wa kijijini aliyefunga kitambaa cheupe kichwani, ng'ombe malishoni. Chini kuna jina la mahali na jina la kampuni ya reli. Basi.

Lakini mzazi akiyatazama kwa makini atagundua jambo moja. Mgonjwa hayumo.

Hilo linashangaza kidogo, kwa sababu wengi waliopanda treni hizo walikuwa wagonjwa, au wazazi waliobeba watoto wagonjwa. Walikwenda kwenye maji ya chemchemi, kwenye upepo wa bahari, kwenye hewa ya kijijini na kwenye mahali pa hija. Walikuwa na kikohozi kisichokoma, mifupa iliyooza kwa kifua kikuu, macho yasiyoona, miguu isiyotembea. Bango liliwaita wote hao, ila halikumchora hata mmoja wao.

Historia ya mabango hayo ni somo zuri kwa familia ya leo, ambayo kila siku inaona kwenye simu picha za watu wenye afya wakitangaza dawa, maji, mafuta na safari. Si lazima picha iseme uongo ili impotoshe mzazi. Inatosha iache kitu nje.

Ukuta wa stesheni

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, reli za Ufaransa zilikuwa mikononi mwa kampuni kubwa chache, kila moja ikiwa na eneo lake. Paris-Lyon-Méditerranée, maarufu kwa kifupi cha PLM, ilishika njia ya kusini-mashariki hadi Bahari ya Mediterania. Kampuni ya Orléans ilielekea kusini-magharibi. Kampuni ya Midi ilishika upande wa kusini, chini ya milima ya Pyrenees. Kampuni ya Nord ilikwenda kaskazini, na Ouest ilikwenda Normandy na Brittany, hadi mwaka 1909 ilipochukuliwa na Serikali. Mwaka 1938 mtandao wote uliunganishwa chini ya shirika moja, SNCF, ambalo lipo hadi leo.

Kampuni hizo zilikuwa na tatizo ambalo kila mwenye basi analijua. Chombo kikiondoka na viti vitupu, hasara imeshaingia. Mfanyabiashara atasafiri tu, kwa sababu ana shughuli zake. Lakini mtu asiye na shughuli lazima apewe sababu ya kusafiri. Ndipo kampuni zikaanza kutafuta sababu: bahari, milima, miji ya maji ya tiba, makanisa ya kale na mahali patakatifu.

Njia ya kuzitangaza sababu hizo ilikuwa imeshapatikana. Uchapaji wa jiwe ulianza Ujerumani mwishoni mwa karne ya 18. Mchoraji huchora juu ya jiwe laini kwa kalamu yenye mafuta, jiwe likaloweshwa maji, kisha likapakwa wino. Wino hushika penye mafuta na kukataa penye maji, na karatasi ikikandamizwa juu yake huchukua picha. Kila rangi huhitaji jiwe lake. Jijini Paris, Jules Chéret, mtoto wa familia maskini aliyeanza kujifunza kazi ya uchapaji akiwa na umri wa miaka 13, aliifanya njia hiyo itoe mabango makubwa ya rangi kali kwa bei nafuu. Sheria ya uhuru wa vyombo vya habari ya Julai 29, 1881 ilipolegeza masharti ya kubandika matangazo, kuta za miji ya Ufaransa zikajaa picha.

Mabango ya reli kwa kawaida yalikuwa na urefu wa karibu mita 1 na upana wa zaidi kidogo ya sentimita 60. Ya mwanzo yalibeba maneno mengi: ratiba, nauli, masharti ya tiketi ya kwenda na kurudi. Mchoraji Hugo d'Alesi, aliyefanya kazi nyingi za reli kabla ya kufariki dunia mwaka 1906, alichora mandhari kama picha za kuota, na pembeni yake kampuni iliweka habari za tiketi. Baadaye maneno yakapungua, picha ikabaki kusema yenyewe.

Katika miaka ya 1920 na 1930 aliyejulikana zaidi alikuwa Roger Broders. PLM ilimlipia safari akaone kwa macho yake mahali alipotakiwa kuchora. Mistari yake ni safi, rangi zake ni chache na zimetulia. Watu wake ni warefu, wembamba, wamevaa vizuri. Hata Vichy, mji ambao watu walikwenda kunywa maji ya chemchemi kwa ajili ya tumbo na ini, kwenye bango ulionekana kama mahali pa matembezi na michezo. Anayetazama hawezi kujua kuwa wageni wengi walifika pale na maumivu.

Treni ya kwenda Lourdes

Hakuna mahali panapoonyesha tofauti ya bango na behewa kuliko Lourdes.

Mwaka 1858 Lourdes ulikuwa mji mdogo chini ya milima ya Pyrenees. Bernadette Soubirous, msichana wa miaka 14, binti wa msaga nafaka aliyefilisika, alisema alimwona mwanamke katika pango kando ya mto. Kati ya Februari 11 na Julai 16 mwaka huo alisema alimwona mara 18. Familia yake ilikuwa ikiishi katika chumba kimoja kilichowahi kuwa mahabusu. Yeye mwenyewe alikuwa na pumu, na alikuwa amenusurika kipindupindu miaka 3 kabla.

Kanisa Katoliki liliyatambua maono hayo mwaka 1862. Mwaka 1866 reli ikafika Lourdes. Mwaka huohuo Bernadette aliondoka kwenda kuwa sista katika mji wa Nevers, na hakurudi tena. Alifariki dunia mwaka 1879 akiwa na miaka 35, baada ya kuteswa kwa muda mrefu na kifua kikuu kilichokuwa kimefika hadi kwenye goti.

Jina la Lourdes si geni Afrika Mashariki. Katika parokia nyingi za Kikatoliki Tanzania, Kenya na Uganda kuna groto, pango la mawe lenye sanamu ya Bikira Maria, lililojengwa kwa mfano wa lile la Lourdes. Februari 11, siku ya kumbukumbu ya maono ya kwanza, ndiyo pia Siku ya Wagonjwa Duniani ya Kanisa hilo, na wagonjwa wengi hupelekwa kuombewa.

Kuanzia miaka ya 1870 hija kubwa za kitaifa zilipangwa kutoka Paris na miji mingine. Kampuni za reli zilitoa treni maalumu na nauli ya punguzo. Zilikuwepo treni za mahujaji wa kawaida, na zilikuwepo zile za wagonjwa mahututi, zilizojulikana kama treni nyeupe. Ndani ya mabehewa, hasa ya daraja la tatu yenye mabenchi ya mbao, wagonjwa walilazwa juu ya magodoro au walikaa wakiegemea mito. Masista na watu wa kujitolea waliwahudumia njiani, usiku na mchana. Kulikuwa na harufu ya vidonda, kulikuwa na kukohoa, na wapo waliofia safarini. Mwandishi Émile Zola alikwenda kujionea mwaka 1892, na riwaya yake iitwayo Lourdes, iliyotoka mwaka 1894, inaanzia ndani ya treni ya namna hiyo.

Sasa rudi kwenye mabango ya Lourdes. Kinachoonekana mara nyingi ni kanisa lenye mnara mrefu, mto, milima nyuma yake, na pengine umati wa mahujaji ukiwa mbali, mdogo kama sisimizi. Machela haipo.

Kampuni ya reli haikusema uongo. Kanisa lilikuwepo, mto ulikuwepo, milima ilikuwepo. Ila ilichagua mahali pa kusimama ili picha ipendeze, na kutoka hapo mgonjwa hakuonekana.

Madaktari getini

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba maswali makali kuhusu uponyaji wa Lourdes yaliulizwa palepale Lourdes.

Mwaka 1883 ilianzishwa ofisi ya madaktari kwa ajili ya kuchunguza madai ya uponyaji. Wa kwanza kuiongoza alikuwa Dk Dunot de Saint-Maclou. Utaratibu wake haukuwa wa kushangilia kwanza na kuuliza baadaye. Mtu akisema amepona, aliulizwa: ugonjwa wako ulithibitishwa na nani? Cheti cha daktari kiko wapi? Ulikuwa ukitumia dawa gani? Je, ugonjwa huo huweza kupona wenyewe? Kisha alitakiwa kurudi tena baada ya muda ili ionekane kama afya imedumu. Daktari yeyote aliyekuwepo Lourdes, awe na imani hiyo au asiwe nayo, aliruhusiwa kushiriki uchunguzi. Baadaye, katikati ya karne ya 20, iliundwa kamati ya kimataifa ya madaktari kupitia majalada mazito zaidi.

Madaktari hao hawatamki neno muujiza. Wao husema tu kama uponyaji unaelezeka kitabibu au hauelezeki kwa elimu iliyopo. Neno la mwisho la kidini huachiwa askofu wa jimbo la aliyepona.

Matokeo yake yanafundisha. Madai zaidi ya 7,000 yamefikishwa mbele ya ofisi hiyo. Hadi mwaka 2018, yaliyotambuliwa na Kanisa kuwa miujiza yalikuwa 70. Hayo ni kati ya mamilioni na mamilioni ya watu waliofika tangu mwaka 1858. Kwa maneno mengine, hata kwa hesabu ya wenyewe wenye imani, karibu kila mgonjwa aliyekwenda alirudi nyumbani na ugonjwa wake.

Hiyo haina maana kwamba walirudi mikono mitupu. Wengi walioandika habari za safari hizo walieleza faraja ya kubebwa, kuoshwa, kulishwa na kuombewa na watu wasiowajua, tena wengine wakiwa matajiri waliokuwa wakiwanyanyua maskini kwa mikono yao. Mtu aliyefichwa chumbani kijijini kwa miaka alikuwa, kwa siku chache, ndiye anayepewa nafasi ya mbele. Hicho ni kitu kikubwa kwa mgonjwa na kwa mama anayemuuguza. Ila si dawa ya kifua kikuu, na ofisi ya Lourdes haikuwahi kudai hivyo.

Wala wazazi waliopanda treni hizo hawakuwa wajinga. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho hospitali haikuwa na cha kuwapa watoto wao. Mzazi anayeambiwa "hatuna la kufanya" atatafuta tiketi.

Kijiji kizuri, maziwa mabaya

Mabango mengi zaidi hayakutangaza mahali pa hija. Yalitangaza kijiji: mashamba ya Normandy, mabonde ya Auvergne, nyumba za mawe na makanisa madogo ya Brittany. Ujumbe ulikuwa mmoja. Mjini kuna moshi na magonjwa, kijijini kuna hewa safi na afya.

Wakazi wa Paris waliuamini ujumbe huo hata kabla ya mabango, na watoto wao walilipa gharama. Katika karne ya 19 familia nyingi za mjini, zikiwemo za wafanyakazi ambao mama alitakiwa kurudi kazini, ziliwapeleka watoto wachanga vijijini kunyonyeshwa na wanawake kwa malipo. Wengine walisafirishwa kwa treni wakiwa na umri wa siku chache tu. Kijijini hewa ilikuwa safi kweli. Lakini mama wa kunyonyesha aliweza kuwa na watoto kadhaa kwa wakati mmoja, maziwa yalipungua, uji na chupa chafu vikachukua nafasi ya titi, na hakuna aliyekuja kukagua. Watoto walikufa kwa wingi hadi daktari na mwanasiasa Théophile Roussel akasukuma sheria iliyopitishwa Desemba 23, 1874. Sheria hiyo iliweka chini ya uangalizi wa Serikali kila mtoto wa chini ya miaka 2 aliyelelewa nje ya nyumba yao kwa malipo.

Hata yule ng'ombe mzuri wa malishoni alikuwa na siri yake. Ng'ombe anaweza kuugua aina ya kifua kikuu, na vimelea vyake hupita kwenye maziwa mabichi hadi kwa mtoto. Watoto wengi wa zama hizo walipata kifua kikuu cha tezi za shingo, cha tumbo na cha mifupa kwa njia hiyo. Ushauri unaotolewa leo katika kliniki za Afrika Mashariki, kwamba maziwa ya ng'ombe yachemshwe kabla ya kumpa mtoto, unatokana na funzo hilohilo.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo bango halikuyasema. Wanawake wa Brittany walichorwa wakiwa na vitambaa vyao vyeupe vya kichwani, wakienda kwenye sherehe za watakatifu wao, kwa sababu mavazi hayo yaliwavutia watalii. Wakati huohuo, katika shule za huko, mtoto aliyekamatwa akiongea Kibretoni, lugha ya mama yake, alivishwa kitu cha aibu shingoni, naye alikibeba hadi amkamate mwenzake kwa kosa hilo. Wazee waliosoma Kenya na kuvishwa kibao kwa kuongea lugha ya nyumbani wanaijua adhabu hiyo vizuri. Vazi lilisifiwa ukutani, lugha ikaadhibiwa darasani.

Na treni iliyoleta watalii kijijini iliondoka na vijana. Wasichana wa Brittany walishuka stesheni ya Montparnasse jijini Paris kutafuta kazi za ndani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliyoua Wafaransa zaidi ya milioni 1.3, karibu kila kijiji kilijenga mnara wenye majina ya vijana wake waliokufa. Mabango ya miaka ya 1920 yanaonyesha vijiji vimetulia kabisa. Sehemu ya utulivu huo ilikuwa ni ukimya wa nyumba zilizopoteza vijana wao.

Watoto wa Berck

Kwa upande wa afya ya watoto, hadithi yenye uzito zaidi iko kaskazini, katika ufukwe wa Berck.

Kifua kikuu kilikuwa muuaji mkubwa wa Ulaya. Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza kuwa amekiona kimelea chake, lakini dawa ya kukiua haikupatikana hadi miaka ya 1940. Kati ya kujua adui na kupata silaha ilipita miaka zaidi ya 60. Katika muda huo wote, madaktari waliagiza walichokuwa nacho: jua, chakula kizuri, mapumziko, hewa ya mlimani, upepo wa bahari.

Berck ilikuwa na hospitali ya watoto ya mamlaka ya hospitali za Paris tangu mwaka 1861, na jengo kubwa zaidi lilifunguliwa mwaka 1869. Watoto wenye kifua kikuu cha mifupa na uti wa mgongo walilazwa chali, wamefungwa wasijongee, kwa miezi na wengine kwa miaka. Walisukumwa hadi ufukweni wakiwa wamelala kwenye vitanda vya magurudumu. Mjini kulikuwa na mikokoteni mirefu ya kuvutwa na mnyama ambayo mgonjwa aliiendesha akiwa amelala. Mama wa Paris alipanda treni siku alizoweza, akamwona mtoto wake, akarudi kazini.

Mji huohuo ulitangazwa pia kwa watalii kama ufukwe wa familia. Mchanga ulikuwa mmoja. Mtoto wa bango alichezea mchanga, mtoto wa hospitali aliutazama akiwa amelala.

Kifua kikuu kiliandika historia ya mahali pengine pa hija pia. Thérèse wa Lisieux, sista kijana wa Normandy ambaye waumini wa Afrika Mashariki wanamwita Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, alikufa kwa ugonjwa huo Septemba 30, 1897 akiwa na miaka 24. Alipotangazwa mtakatifu mwaka 1925, Lisieux ikawa mji wa hija, na reli za Serikali zikautangaza kama zilivyotangaza fukwe. Watu walisafiri kwenda kuomba afya kwenye kaburi la msichana ambaye zama zake hazikuwa na dawa ya kumpa.

Kilichobadilisha hali ya watoto hakikuwa na mandhari ya kuvutia. Mjini Lille, kaskazini hukohuko, Albert Calmette na Camille Guérin walitumia miaka 13 kukuza na kukuza tena kimelea cha kifua kikuu cha ng'ombe, mara 230, hadi kikapoteza ukali wake. Mwaka 1921 jijini Paris mtoto mchanga alipewa chanjo hiyo kwa mara ya kwanza. Mama yake alikuwa amekufa kwa kifua kikuu muda mfupi baada ya kujifungua, na bibi aliyekuwa amlee alikuwa nacho pia. Mtoto huyo hakuugua.

Chanjo hiyo ni BCG, na herufi zake mbili za mwisho ni majina ya watu hao wawili. Ndiyo ile anayopewa mtoto mchanga Tanzania, Kenya na nchi jirani mara anapozaliwa, na kumwachia kovu dogo mkononi. Haizuii kila aina ya kifua kikuu, lakini humkinga mtoto mdogo dhidi ya aina kali, kama ile inayoshambulia utando wa ubongo. Mzazi akitaka kuona historia ya treni, Berck na Lille kwa pamoja, atazame mkono wa mwanawe.

Bango linaweza pia kufundisha

Haitakuwa haki kuyahukumu mabango yote kwa kosa moja. Kuanzia mwaka 1917, ujumbe wa Marekani wa Taasisi ya Rockefeller uliokwenda Ufaransa kupambana na kifua kikuu ulitumia mbinu hiyohiyo: mabango ya rangi yaliyobandikwa mijini na vijijini, yakiwafundisha watu kufungua madirisha, kuacha kutema mate hovyo na kumpeleka mgonjwa zahanati. Karatasi ni ileile, wino ni uleule. Tofauti ni kwamba humu mgonjwa alionekana, na aliambiwa la kufanya.

Na safari yenyewe si jambo baya. Juni 1936 Ufaransa ilipitisha sheria ya likizo ya wiki 2 yenye malipo kwa wafanyakazi, na katika majira hayohayo ya joto ikaja tiketi maalumu ya reli yenye punguzo la asilimia 40. Familia ambazo kwa miaka ziliona bahari ukutani mwa stesheni tu, ziliiona kwa macho kwa mara ya kwanza. Kupumzika, kutembea, watoto kucheza nje na wazazi kuwa karibu nao ni afya pia. Hakuna daktari atakayelipinga hilo.

Tatizo huanza pale picha ya mapumziko inapouzwa kama tiba.

Maswali matatu ya kuuliza na mtoto

Mabango haya ni kifaa kizuri cha nyumbani kwa sababu ni ya kale na ya mbali, kwa hiyo hakuna anayekasirika yakihojiwa. Mengi yamewekwa wazi mtandaoni na maktaba ya taifa ya Ufaransa. Mzazi anaweza kufungua moja kwenye simu, akakaa na mtoto wa darasa la nne au la tano, wakaulizana.

La kwanza: nani amelipia picha hii? Jibu liko chini ya bango, jina la kampuni ya reli. Kampuni hiyo inauza nini? Tiketi. Inapata fedha mtu akipona, au akisafiri? Mtoto atajibu haraka kuliko mzazi anavyodhani.

La pili: nani hayumo? Mgonjwa, mhudumu, kijana aliyehama, bibi aliyechoka kukaa kwenye benchi la mbao. Mtoto akizoea kumtafuta asiyeonekana, kesho ataona pia kwamba tangazo la kidonge cha kunenepesha au kupunguza mwili linaonyesha mtu mmoja aliyefurahi, na halionyeshi waliolazwa.

La tatu: baada ya kufika, nini kinafuata? Bango huishia stesheni. Maisha hayaishii hapo. Ofisi ya madaktari ya Lourdes ilimtaka aliyepona arudi baada ya muda. Mzazi naye anaweza kumuuliza anayeuza tiba kwenye mtandao: waliopona mwaka jana wakoje leo, na nani amewapima?

Baada ya mazoezi hayo, mtoto ageukie picha za leo kwenye simu hiyohiyo. Maswali hayabadiliki.

Kwa mzazi mwenye mtoto mgonjwa, maswali hayo si mchezo. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa za jioni, mtoto asiyeongezeka uzito au aliyeishi nyumba moja na mtu mwenye kifua kikuu, ni sababu ya kwenda kituo cha afya. Tofauti na wazazi wa Paris wa mwaka 1890, mzazi wa leo ana cha kupewa. Kifua kikuu kinatibika, na katika vituo vya umma vya Tanzania na Kenya dawa zake hutolewa bure. Kinachotakiwa ni kuzimaliza zote, kwa miezi yote aliyoandikiwa, hata kama mtoto ameanza kucheza.

Na anayetaka kwenda hija, aende. Wagonjwa wanaokwenda Lourdes siku hizi husafiri na madaktari, wauguzi na dawa zao. Hakuna anayewaambia waziache nyumbani ili kuonyesha imani. Familia inayofunga safari ya kwenda kuombea mtoto inaweza kufanya hivyohivyo: dawa za kutosha siku zote za safari, kadi ya kliniki, namba ya simu ya kituo, na rozari au msahafu, vyote katika mkoba mmoja.